Kutangulia Hadi Kengele

Mpwa wangu alifika kibandani kwangu Makanyagio, hapa Mpanda, Jumamosi saa tisa alasiri, raba kazishika mkononi, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Hakuamkia. Nikajua mambo hayakwenda, maana mtoto huyu wa dada yangu akishinda, shikamoo yake unaisikia angali upande wa pili wa barabara. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akawa anatazama cheni zilizotundikwa ukutani kama anazihesabu.

"Shikamoo, mjomba," alisema baada ya muda.

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa saba."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

Habari nilikwisha kuzipata. Kijana wa bodaboda aliyepita kujaza upepo alinisimulia yote, tena kwa raha, kwa kuwa mjini hakuna hadithi tamu kama ya mtu aliyeanza vizuri. Ulikuwa mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mita 1500. Uwanja wa shule yao haufiki mita 400 kwa mzunguko, kwa hiyo walimu walipima kwa kamba, wakachora mstari kwa majivu, wakakubaliana mizunguko mitano. Filimbi ilipolia, mpwa wangu aliondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mzunguko wa kwanza aliwaacha wenzake hatua ishirini. Wa pili, wasichana wa kidato cha pili wakawa wameshamtungia wimbo. Wa tatu akaanza kukimbia kwa mabega badala ya miguu. Wa nne wakampita mmoja mmoja, hata yule mrefu mwenye kaptula ya kuazima ambaye hakuna aliyekuwa anamjua jina.

Sikumwambia kwamba najua. Nilimpa kazi. Kulikuwa na tyubu ya mteja imetoboka mahali pamoja, kazi ya mtoto kabisa: kwaruza kwa msasa, paka solisheni, bandika kiraka. Alikwaruza vizuri. Akapaka, akabandika palepale, akakikandamiza kiraka kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Tukajaza upepo, tukaizamisha tyubu kwenye beseni. Viputo vikapanda vimefuatana kama shanga, na kiraka kikajikunja upande mmoja mithili ya jani.

"Solisheni ilikuwa mbichi," nikamwambia. "Haishiki kwa kubonyezwa sana. Inashika ikishaanza kukauka. Unaigusa kwa mgongo wa kidole, siyo kwa ncha. Ikikufuata, bado."

"Inachukua dakika ngapi?"

"Inategemea jua."

Akanuna. Hapo ndipo nilipomletea Filbert Bayi.

Jina alilijua, lakini kwa sababu ya shule. Vijana wa siku hizi ukiwatajia Bayi wanafikiria sare na ada, maana yeye na mkewe walijenga shule zenye jina hilo Dar es Salaam na Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kwamba mzee huyo aliwahi kuwa binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani katika mita 1500, hilo lilimfanya mpwa wangu aweke tyubu chini.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Husimuliwa kwamba alipofika Dar es Salaam kijana alikuwa akishindana na mabasi, kituo hadi kituo, abiria wakimshangilia madirishani. Akaingia jeshini. Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich, akakimbia mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi na maji, akaondolewa mapema kote kuwili. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki ya 1968. Na alimshinda kwa namna iliyowakera walimu wengi wa riadha wa wakati ule: anaondoka mbele, anabaki mbele, anamaliza mbele.

Mimi nashughulika na baiskeli, kwa hiyo najua kwa nini iliwakera. Watazame wanaoingiza mkaa mjini alfajiri wakiwa watatu wanne. Wa mbele ndiye anayekata upepo, wa nyuma wanaponea mgongoni pake. Ndiyo maana hupokezana. Mkimbiaji wa mita 1500 aliyefundishwa vizuri hujificha nyuma ya mtu, anamwachia upepo, anasubiri mita 300 za mwisho. Bayi hakutaka mgongo wa mtu. Alitaka wote waone wa kwake.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli hapa Mpanda, na redio yake ndiyo iliyokuwa redio ya nyumba tatu. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuelewa Christchurch iko wapi, ila nakumbuka baba alivyopiga meza. Bayi alipita mita 800 za kwanza kwa dakika 1 na sekunde kama 52, amewaacha wote nyuma kwa mbali, uwanja mzima ukingoja aanguke. Hakuanguka. Katika mita za mwisho John Walker, mwenyeji, alimjia kwa nguvu, watu wake wakipiga kelele, na Bayi akapata kitu kingine cha kutoa. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia, iliyokuwa mikononi mwa Mmarekani Jim Ryun tangu 1967. Walker naye alikimbia 3:32.52, akaivunja rekodi ileile ya zamani, akarudi nyumbani na nafasi ya pili. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu.

"Sasa mjomba," mpwa wangu akasema, uso umemfunguka, "mimi nimefanya kosa gani? Si ndivyo nilivyokimbia?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu la haraka, nikajifanya natafuta bisibisi.

Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja pia rekodi ya maili moja, dakika 3:51.0. Haikupita miezi mitatu Walker akaichukua kwa 3:49.4. Dunia nzima ya riadha ikawa inahesabu siku: Montreal 1976, Bayi na Walker, wa mbele na wa nyuma, waonekane. Hawakuonekana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki, zikakataliwa, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizosusia. Mimi bado naamini nchi ilikuwa sahihi. Lakini gharama hugawanywa vibaya: taifa lilitoa tamko, Bayi alitoa miguu yake ya miaka 23. Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.17, karibu sekunde saba nyuma ya alivyokimbia siku aliyoshindwa na Bayi.

Miaka ikapita. Edmonton 1978 alikuwa wa pili, Mwingereza David Moorcroft akimtangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Halafu ikaja Moscow.

Wakati huo nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera na kila kitu ni foleni. Sabuni foleni, sukari foleni. Betri za redio hazikuwapo hata kwenye foleni, kwa hiyo mama alikuwa anazianika za zamani juu ya bati mchana kutwa, jioni zinatupa taarifa ya habari moja kabla ya kufa tena. Safari hii waliosusia walikuwa Wamarekani na marafiki zao, Kenya ikiwamo, kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali mwenyewe Dar es Salaam kuibembeleza Tanzania. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Wanariadha wetu wakaenda.

Bayi hakuingia mita 1500, ambako walikuwapo Sebastian Coe na Steve Ovett. Alirudi kwenye zile mbio alizowahi kuzijaribu Munich: mita 3000 kuruka viunzi na maji. Nilimweleza mpwa wangu, maana hapa kwetu hatuna uwanja wa mbio hizo. Viunzi vyake si vile vyepesi vya kuanguka ukivigusa. Ni gogo zito la mraba, ukiligonga unaanguka wewe. Unaliruka mara 28. Mara nyingine saba kuna gogo na mbele yake shimo la maji, refu upande wa gogo na fupi kadiri unavyotoka. Mwenye nguvu hutua ukingoni, akalowa kiatu. Aliyechoka hutua kwenye kina, maji magotini, kisha apande kutoka humo akimbie tena.

Akatoa simu, akatafuta. Miaka arobaini na zaidi nilikuwa nazijua mbio hizi kwa sikio tu, kutoka kwenye redio inayokata, na sasa ziko kwenye kioo chenye ufa, mtoto kakishika kwa mikono yenye solisheni. Tulizitazama mara tatu.

Bayi anaondoka mbele. Bila shaka. Anakimbia kama mtu mwenye miadi na rekodi ya Henry Rono wa Kenya, ambaye kwa wakati ule ndiye aliyekuwa na muda bora duniani, 8:05.4. Nyuma yake kundi, na pengo linaongezeka mpaka linafika makumi ya mita. Katika kundi hilo kuna Mpoland, Bronisław Malinowski. Huyu si mtu wa kubahatisha: Munich alikuwa wa nne, Montreal wa pili, na ubingwa wa Ulaya mara mbili. Anajitenga na kundi, anamfuata Bayi. Hachupi. Hiyo ndiyo sehemu niliyomwambia mpwa wangu arudishe. Ukitazama hatua tano huoni kinachobadilika. Ukitazama mzunguko mzima, pengo limepungua.

"Lakini anashinda huyu," mtoto akasema, kidole juu ya Bayi.

"Anaongoza."

Kengele inalia, Bayi yuko mbele. Kabla mzunguko huo wa mwisho haujaisha, Malinowski amempita. Dakika 8:09.70 kwa Mpoland, 8:12.48 kwa Bayi, na nyuma yake kidogo Eshetu Tura wa Ethiopia. Alipokuwa akipitwa, Bayi alishafanya kazi yote ya kukimbiza mbio zile; Malinowski alichofanya ni kumalizia.

Redioni jioni ile baba hakupiga meza. Alisema tu, "Fedha si haba," akazima ili betri zipumzike. Na kweli si haba. Medali ile, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000 michezo ileile, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imepata mpaka leo ninapoandika. Anayetaka kumcheka Bayi aanze kwa kuleta ya tatu.

Ila nilikuwa nimeulizwa swali, na mtoto alikuwa hajalisahau. Kama kukimbia vile kulimpa dunia mwaka 1974, kwa nini kulimnyang'anya dhahabu mwaka 1980?

Hivi ndivyo ninavyoona mimi, na mimi ni fundi baiskeli, si mwalimu wa riadha. Christchurch zilikuwa mbio za dakika tatu na nusu juu ya ardhi tambarare. Hofu aliyowatia wenzake katika dakika mbili za kwanza ilitosha kumvusha moja na nusu iliyobaki. Moscow zilikuwa dakika nane na magogo thelathini na tano. Deni la mzunguko wa kwanza lilikuwa na muda wa kutosha kuzaa. Tena hakuwa mjinga: anayetangulia kwenye viunzi huyaona magogo vizuri, hakanyagani na mtu, na mbele ya mtu kama Malinowski pengine hiyo ndiyo karata pekee aliyokuwa nayo. Shida yangu iko kwingine. Naogopa kwamba hata kama angekuwa na karata nyingine, asingeiona. Mtu akishavunja rekodi ya dunia kwa njia fulani, njia hiyo haiwi mbinu tena. Inakuwa jina lake.

Nimeona hayo kwa watu wasiokimbia. Mkoa wetu una wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kila mwaka anatokea mmoja aliyeuza shamba la mpunga, akafukia pesa zote kwenye shimo moja, shimo likatema. Anakuja mjini, ananunua bia kwa kreti, ananunua pikipiki, na mimi ananinunulia soda. Mwakani anauza pikipiki na kufanya vilevile. Ukimshauri afukie nusu, anakutazama kama umemtukana, maana ushahidi anao: mara ya kwanza si ilijibu? Hata reli iliyomleta baba hapa ililetwa kwa pupa ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa kabla sijazaliwa. Reli ikabaki ikibeba mahindi, karanga na abiria wa Tabora, kwa mwendo ambao mnaujua.

Malinowski hakufaidi dhahabu yake. Mwaka uliofuata, Septemba 1981, alikufa kwa ajali ya gari darajani katika mji wa Grudziądz, na daraja hilo sasa lina jina lake. Namtaja kwa sababu mpwa wangu aliuliza yuko wapi siku hizi. Bayi, aliyeshindwa, alibaki kujenga shule.

"Na Simbu?" mtoto akaniuliza, kama aliyepata ushahidi wake.

Simbu, ndiyo. Septemba 2025, Tokyo, marathoni ya mashindano ya dunia. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakikimbizana, na wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Ikabidi picha ya mstarini iamue: Mtanzania kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Kilomita 42 na ushee, na aliyeshinda aliongoza kwa kifua tu, tena mwishoni kabisa. Hiyo nayo tuliitazama mara tatu. Mteja wa tyubu akaja, akakuta haijazibwa, akaondoka akilalamika, akarudi kwa sababu kibanda kingine kiko mbali.

Nilidhani nimefunza. Mwalimu wa kweli angenionya.

Wiki tatu baadaye kukawa na bonanza la vijana, mita 1500 zilezile, safari hii mimi mwenyewe nikafunga kibanda nikaenda. Mpwa wangu aliondoka wa mwisho. Akajibanza nyuma ya kundi, mtulivu, mdomo umefungwa, mpaka nikajisikia fahari ya kijinga. Mzunguko wa tatu bado yuko nyuma. Wa nne amesogea kidogo. Kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, ilipolia, akafunguka. Alipita watu kama wamesimama. Akamaliza wa nne, anakuja juu kwa kasi kuliko wote, na mshindi keshafika zamani, keshapewa maji.

Alinifuata chini ya mwembe. Hata jasho hakuwa nalo la maana.

"Mjomba, hadithi yako imenipa nafasi ya nne."

"Umesogea nafasi tatu."

"Nimemaliza na pumzi." Akapiga kifua. "Pumzi yote hii imebaki. Nikaifanyie nini nyumbani? Ngojangoja yaumiza matumbo, si mnasema wenyewe?"

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana alikuwa na haki. Nilikuwa nimemsimulia Moscow kwa kirefu na Christchurch kwa kifupi. Sikumkalisha kwenye habari ya Walker: mtu aliyekaa nyuma kama inavyotakiwa, akasubiri kama alivyofundishwa, akafyatuka nyumbani kwao mbele ya watu wake, akakimbia kasi kuliko rekodi ya dunia, na alipofika mstarini akakuta Mtanzania keshapita. Siku ile aliyengoja ndiye aliyechelewa.

Tulirudi Makanyagio kwa miguu, yeye akiniuliza, mimi nikimjibu nusu nusu. Bayi alijuaje siku ile kwamba pumzi itatosha? Na Moscow alijua saa ngapi kwamba haitoshi: kwenye maji ya nne, ya tano, au aliposikia viatu nyuma yake? Nilimwambia hayo ni ya kumuuliza mwenyewe, yuko hai.

Kibandani alikuwapo mzee wa jirani na baiskeli yake, tairi la nyuma limelala. Mtoto akalifungua bila kuambiwa, akatoa tyubu, akalitafuta tundu kwa shavu, akakwaruza. Akapaka solisheni. Mzee alikuwa na haraka, anaita, "Bandika basi, kijana, jua linazama." Mimi najua ukiharakisha kiraka kinatoka, na solisheni ukiiacha mno inaingia vumbi, inakauka kabisa, kiraka hakishiki tena. Nilikuwa karibu kusema kitu. Nikaona ameshakunja mkono, anaigusa kwa mgongo wa kidole, anautoa, anaigusa tena.